Sufuria ya Sombe Iliyokatwa Kwenye Tangi la Roketi

Asubuhi ya Jumamosi tarehe 3 Agosti 2024, saa nne kasoro dakika kumi, mhadhiri mmoja kutoka Kenya alibisha mlango wa fleti yangu huko Greyville, Durban, akiwa amebeba mkoba wa vipimo, na jambo la kwanza nililolazimika kumwambia ni kwamba chombo alichokuja kukipima kilikuwa jikoni, juu ya moto, kimejaa sombe, yaani kisamvu.

"Samahani, Mama," alisema. "Unapikia ndani yake?"

"Tangu mwaka 1981, mwanangu. Ulitaka nikifanyie nini?"

Alicheka, kisha akaniomba nisizime moto kwanza. Alitaka kuiona sufuria ikifanya kazi. Akasimama mlangoni mwa jiko langu dogo, mikono nyuma kama mtu aliyeingia kanisani, akaitazama ikitoa mvuke. Mimi nilikuwa nimevaa kitenge changu cha sikukuu, kwani aliyekuwa akipimwa asubuhi ile, kwa hesabu yangu, alikuwa mume wangu.

Mume wangu alifariki Alhamisi tarehe 27 Juni 2019, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili. Hapa Durban alikuwa mlinzi wa magari kwenye maegesho, kazi aliyoifanya kwa heshima na kwa fulana iliyopigwa pasi kila siku. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Hata hivyo alikuwa na kisa kimoja ambacho hakuchoka kukisimulia: kwamba mwaka 1978, akiwa kijana wa miaka ishirini na mmoja, alifanya kazi kwa Wajerumani waliokuja kwetu Katanga, Kongo, kurusha roketi. Walipiga kambi juu ya uwanda mrefu ulio ukingoni mwa mto Luvua, wakajenga uwanja wa ndege, wakaajiri vijana wa vijiji vya jirani. Mwezi Mei mwaka huo aliiona kwa macho yake moja ikipanda mpaka ikawa nukta. Mwaka uliofuata mpango ulifungwa. Wageni wakaondoka na ndege zao, na vile vilivyokuwa vizito au visivyofaa tena vikabaki vimelala majanini.

Hakuna aliyemwamini, na waliomcheka zaidi walikuwa Wakongomani wenzetu. "Roketi? Ku Katanga?" walisema. "Kule ambako hata baiskeli inakwama?" Walimpa jina la utani, Papa Fusée, yaani Baba Roketi, na jina hilo lilimfuata kwenye harusi, kwenye matanga, hata kwenye meza ya Bwana.

Kulikuwa na sehemu moja ya kisa iliyowachekesha kuliko zote. Alidai kwamba ndani ya roketi ile, vilango vya kupitisha mafuta, wanavyoviita vali, vilifunguliwa na kufungwa kwa mota za waipa. Waipa zile zile zinazofuta mvua kwenye kioo cha gari. Alisema alizitambua siku alipofungua masanduku, kwa sababu kabla ya kazi hiyo alikuwa akiosha gari la padre. Basi mvua ikinyesha Jumapili baada ya ibada, rafiki yangu mwenye saluni, ambaye ni mwenyekiti wa kina mama wa kanisa letu, alikuwa akitupakia kwenye gari lake, akageuka nyuma na kupaza sauti: "Mufunge mikanda! Nawasha waipa, tunaenda ku mwezi!" Gari zima lilicheka. Mume wangu naye alitabasamu, akitazama nje. Mimi sikutabasamu. Mara nyingi nilimsihi aiache sehemu ya waipa, abaki na roketi peke yake, kwani roketi peke yake ilikuwa aibu ya kutosha. Alinijibu: "Niache vipi, na zilikuwepo?"

Sasa nieleze jinsi mhadhiri alivyonijia. Sikuingia shule nikiwa mtoto. Niliingia darasani kwa mara ya kwanza Jumatatu tarehe 7 Februari 2022, katika masomo ya watu wazima huko Cato Manor, nikiwa na umri wa miaka hamsini na minane na penseli tatu mpya. Jumatano tarehe 12 Juni 2024 mwalimu wetu alitutaka tuandike kwa Kiingereza insha ya ukurasa mmoja kuhusu kitu kimoja cha nyumbani. Niliandika juu ya sufuria yangu, ambayo ni kipande cha tangi la roketi. Nilieleza kwamba roketi yenyewe, kwa maneno ya mume wangu, ilikuwa mabomba mengi yaliyofungwa pamoja kama mzigo wa kuni. Waipa sikuziandika. Nilikuwa mjane, nilikuwa mwanafunzi wa kwanza katika darasa langu, na sikutaka kuchekwa kwa Kiingereza pia.

Mwalimu aliisoma insha, akanitazama kwa muda mrefu, akaniomba ruhusa ya kumwonyesha mtu anayemfahamu, Mkenya mwenye kuishi Queensburgh na kufundisha uhandisi wa roketi chuoni. Mhadhiri huyo alikuwa akitayarisha maonyesho kuhusu vyombo vya anga vinavyoachwa programu zinapokwisha: vinakwenda wapi, vinakuwa nini. Aliposoma "mzigo wa kuni", umbo alilolitambua, alinipigia simu siku hiyo hiyo.

Nilimweleza rafiki yangu wa saluni kwa sababu sikuweza kujizuia. Hilo lilikuwa kosa, au labda halikuwa. Asubuhi ile ya Agosti mhadhiri hajafungua hata mkoba wake, rafiki yangu huyo naye akafika, amefunga saluni siku ya Jumamosi, jambo ambalo hakulifanya hata alipougua malaria.

"Nimekuja kushuhudia," alisema kabla hajaketi. "Leo ile bongo ya Papa Fusée inazikwa. Lazima niwepo ku kilio." Bongo, ndivyo tunavyouita uongo kwetu.

"Keti, kula sombe, unyamaze."

"Sombe nitakula. Kunyamaza, hapana."

Nilihamisha sombe kwenye sufuria nyingine, nikaiosha ile, nikaifuta, nikaiweka mezani juu ya kitambaa cheupe. Mhadhiri alivaa glavu. Rafiki yangu alipoziona glavu aliguna, lakini alisogeza kiti karibu.

Mhadhiri aliipima kipenyo: sentimita ishirini na saba, kasoro kidogo sana. Akapima unene wa ukuta wake kwa chombo kidogo chenye meno kama ya panya. Akajaribu sumaku. Akaigeuza, akachunguza kitako ambacho mume wangu alikichomelea kwenye gereji ya misheni, na masikio mawili yaliyoongezwa kandokando. Aliandika kila kitu. Nilijaribu kusoma alichoandika kutoka upande wa pili wa meza, juu chini, nikashindwa.

"Vipimo vinakubaliana," alisema hatimaye. "Matangi yao yalikuwa ya upana huu huu, na chuma ni cha aina hii, kisichoshika kutu. Lakini lazima niwe mkweli kwako, Mama. Mabomba ya namna hii yanapatikana pia kwenye viwanda vya maziwa, na vya bia."

"Bia!" Rafiki yangu alipiga mapaja. "Miaka yote hii tunakula sombe ya kanisa ndani ya bomba ya bia ya Simba! Na sisi watu wa Mungu!"

"Sijasema ni la bia," mhadhiri alijitetea.

"Baba, umesema. Mi nimesikia."

Mhadhiri akaniuliza, kwa upole, iwapo kulikuwa na maandishi yoyote juu ya bomba, namba au herufi, kwa kuwa wageni wale waliyaandika matangi yao, na alama moja tu ingetosha kumaliza ubishi. Nikajua kwamba swali nililolikwepa kwa miaka arobaini na mitatu limeketi mezani kwangu.

Tulifunga ndoa Jumamosi tarehe 12 Septemba 1981. Katika ukoo wa mume wangu, shangazi zake huja siku ya saba kukagua jiko la bibi harusi. Hawaji kula. Wanakuja kuinua kila chombo na kujitazama ndani yake, na usipouona uso wako kwenye sufuria ya mke, huyo mke ana kazi ya kufanya. Mume wangu alikuwa ameniletea bomba lake kama zawadi, tayari lina kitako na masikio. Ubavuni lilikuwa na safu mbili za herufi na namba nyeusi. Kwa macho yangu ya wakati ule ulikuwa uchafu. Nilichukua mchanga wa mtoni na majivu, nikasugua siku tatu, vidole vikachubuka. Siku ya saba shangazi mkubwa alijiona mpaka kope, akapiga vigelegele.

Mume wangu aliporudi jioni alisimama mbele ya sufuria, akapitisha kiganja mahali palipokuwa na maandishi. Kisha akasema, "Imependeza, mama." Hakuligusia jambo hilo tena, si siku ile, si baadaye. Na hapa Durban, watu walipomtaka athibitishe, walipomwuliza iko wapi basi alama ya Wajerumani, alijibu kila mara: "Ilifutika yenyewe." Nilikuwa pale, nikigawa chai. Nilimsikia akiitwa mwongo, nikajua kwamba neno langu moja lingemwokoa, na sikulisema, kwa sababu ningeonekana mke asiyejua kusoma ambaye alifuta ushahidi wa mumewe kwa majivu.

Niliyasema yote hayo mezani, mbele ya mgeni na mbele ya mwenyekiti wa kina mama. Rafiki yangu aliacha kutafuna.

"Ni weye uliifuta?" aliuliza.

"Ni mimi."

"Na alitunyamazia sisi wote?"

"Alinyamaza."

Mhadhiri alivua glavu moja. Alisema bila alama hawezi kuandika kwenye maonyesho kwamba hicho ni kipande cha roketi. Angeweza kuandika tu kwamba familia inaamini hivyo. Neno "inaamini" lilinichoma. Kisha, nadhani kwa kunihurumia, akauliza kama mume wangu alikumbuka kitu chochote kuhusu jinsi roketi ilivyofanya kazi ndani. Si umbo lake, kwani picha za nje zilitoka magazetini. Ndani.

Nilijua alichokuwa akikitafuta na nilijua nilichokuwa nacho. Rafiki yangu naye alijua. Alinitazama, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini sikuona mzaha usoni pake. Aliniona nikizama, akanitikisia kichwa, kama mtu anayekuambia usiruke.

"Alisema," nikaanza, na sauti yangu ikawa ndogo, "alisema vali za mafuta zilifunguliwa na mota za waipa za gari. Aliziona kwenye masanduku. Alizijua kwa sababu alikuwa akiosha gari la padre."

Nikangoja kicheko. Mhadhiri aliinuka kwa nguvu, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Rudia hapo, Mama."

"Mota za waipa."

"Alikuambia lini?"

"Juma tulilooana. Septemba 1981."

"Alikuwa akisoma vitabu? Majarida ya ufundi?"

"Alifika darasa la tatu. Kiingereza cha magari alikijua, cha vitabu hapana."

Alianza kuzunguka sebule yangu, ambayo ina hatua nne tu kwa upande, akishika kichwa na kucheka peke yake. "Wacha! Wacha, Mama!" Akafungua kompyuta yake mezani, pembeni ya sombe, akatafuta makala ya kiufundi kuhusu roketi zile, ya zamani, iliyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Akateremsha mpaka kwenye mchoro na kunielekezea mstari mmoja chini yake. "Soma wewe," akasema. "Usiniamini mimi."

Niliweka kidole kwenye kioo. Nilisoma mwenyewe, neno kwa neno, kwa sauti, kama tulivyofundishwa Cato Manor, na mstari ule ulisema kwamba kila vali iliendeshwa na mota ya waipa ya gari. Niliusoma tena. Mara ya tatu niliusoma kwa haraka, kama mtu aliyezaliwa akisoma.

Mhadhiri alieleza kwamba wageni wale walitaka roketi ya bei nafuu, hivyo waliokota vifaa vilivyokuwa tayari vikitengenezwa kwa wingi. Alisema yeye mwenyewe huwafundisha wanafunzi jambo hilo kila mwaka na kila mwaka hawamwamini. "Kibarua aliyefungua masanduku mwaka 1978 angejua," alisema. "Mtu anayetunga uongo, Mama, angetunga kitu cha kupendeza zaidi."

Rafiki yangu alikuwa ameketi, mikono juu ya kichwa. Niliwaza atapinga, kwani yeye hupinga hata matangazo ya hali ya hewa.

"Eish," alisema. Baadaye akasema, "Shemeji alikuwa na raison, alisema kweli." Baadaye tena, akiitazama sakafu: "Na mimi na gari langu."

"Na wewe na gari lako," nikamwambia. Sikuwa tayari kumsamehe papo hapo. Nilikuwa na furaha nyingi mno ya kuimaliza kwanza. Nilitaka kukimbia mpaka uwanja wa mbio za farasi ng'ambo ya barabara na kuwatangazia wachezaji kamari wote. Badala yake nilipakua sombe, sahani tatu, na mhadhiri akala mbili.

Wakati wa kula nilimwuliza jambo lililonisumbua: bomba langu halikuwahi kuruka. Mume wangu alisema waziwazi kwamba lilikatwa karakana, likabaki. Je, halina thamani? Alijibu kwamba sehemu kubwa ya vyombo vya anga duniani haijawahi kuondoka ardhini: vya majaribio, vya akiba, vilivyotengenezwa programu ikafungwa kabla ya zamu yao. Vingine viko kwenye majumba ya makumbusho chini ya taa, vingine viliyeyushwa, vingine vimegeuzwa mapipa ya maji na mabati ya kuezekea. "Lakini kilicholisha watu miaka arobaini na mitatu," alisema huku akifuta sahani kwa kipande cha bukari, ugali wetu, "sijapata kukiona."

Aliomba kuiazima sufuria. Nilikubali kwa sharti kwamba nisome kadi ya maelezo kabla haijachapwa. Aliniletea rasimu Jumamosi tarehe 21 Septemba. Ilikuwa imeandikwa vizuri, isipokuwa sehemu ya hali ya chombo, ambapo alisema alama za mtengenezaji "zimepotea". Nilichukua kalamu nyekundu, nikalikata neno hilo. Nikaandika kwamba alama zilisuguliwa na mke wa kibarua, Septemba 1981, kwa mchanga na majivu, kwa kutojua kusoma, na kwamba mume alilibeba kosa hilo mpaka kufa bila kumtaja. Mhadhiri aliuliza kama nina hakika. Nikamwambia nimekuwa na hakika muda mrefu. Nilichokosa kilikuwa kalamu.

Maonyesho yalifunguliwa Jumamosi tarehe 5 Oktoba 2024, katika ukumbi wa chuo. Kulikuwa na picha za mitambo iliyoachwa jangwani na baharini, na kipande cha injini iliyoungua. Sufuria yangu ilikuwa katikati, ndani ya kasha la kioo, inang'aa kuliko vyote. Niliisugua mimi, na sioni haya kusema hivyo. Kina mama wa kanisa walikuja kumi na mmoja, wote kwa kitenge kimoja, na wazee watatu ambao zamani walikuwa wakimwita mume wangu kwa lile jina.

Nilichelewa kidogo kwa sababu mhadhiri alitaka kunitambulisha kwa wakubwa wake. Nilipofika kwenye kasha nilikuta umati, na katikati ya umati sauti ninayoifahamu.

"Mukuje karibu, musiogope," rafiki yangu alikuwa akiwaambia wageni, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na kwa Kizulu cha saluni. "Huyu alikuwa shemeji yangu. Mutu wa kweli kabisa! Mi nilikuwa nasema siku zote: musicheke waipa, musicheke waipa! Mwaka 1977, njo wakati alifungua masanduku kwa mikono yake—"

"Sabini na nane," nikasema.

Watu waligeuka. Rafiki yangu alinitazama, na niliona anajua vizuri nilichoweza kumfanyia pale, mbele ya kina mama wote, kwa sentensi moja tu kuhusu gari na mvua.

"Sabini na nane," alirudia polepole. "Mke wake huyu hapa. Sema weye, yaya, dada yangu. Mi nachanganya."

Akanipisha. Mmoja wa wale wazee watatu alikuwa ameinama kwenye kioo akisoma kadi, akafika mwisho, akaanza tena kutoka juu. Nilisubiri amalize. Kisha nikawaeleza wote tangu mwanzo, mwezi na mwaka, masanduku, gari la padre, vali na mota, na nilipofika kwenye waipa walicheka, kwa mshangao, na mimi nikacheka pamoja nao.